Kingo Zilizokatwa

"Mbona pambizo za kurasa ni finyu hivi?" mwalimu aliuliza, huku akipitisha kidole ukingoni mwa ripoti ya zamani ya mkoa. "Niliambiwa pembeni kuna maandishi ya penseli. Karani aliyezitunza ripoti hizi alikuwa akisahihisha majina ya vijiji."

Mkutubi alitikisa kichwa. "Labda ulielekezwa vibaya, mama. Muulize Fundi, ndiye aliyezijalidi."

Fundi alikuwa mlangoni, vidole vimeganda gundi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa tabibu wa vitabu vya maktaba ile: akishona migongo iliyoachia, akibandika majalada, kisha akinyoosha kingo kwa mashine ya kukatia. Penseli ile aliikumbuka vizuri. Aliiona uchafu. Alishusha kisu, vipande vikaanguka kama maganda ya kitunguu, akavifagia. Mkutubi akamsifu mbele za watu.

"Sikuona kitu," Fundi alisema.

Ulimi hauna mfupa. Neno lilimtoka laini.

Siku tatu mwalimu alikuja asubuhi na kuondoka jioni. Alifungua magazeti ya serikali, takwimu za sensa, ramani zilizochapishwa, vitabu vya wamisionari. Alitafuta kijiji kimoja tu, cha ukoo wa mama yake, kilichohamishwa kupisha mashamba makubwa. Kila chapisho lilisema mahali pale palikuwa pori. Kila mchana alichungulia karakana: "Za kazi, Fundi?" Na kila mchana Fundi aliinama chini ya meza, akajifanya anatafuta sindano.

Siku ya nne Fundi alimkuta mwalimu anarudisha vitabu mezani kwa mkutubi.

"Nimeshindwa," alisema mwalimu. "Wakubwa nyumbani watauliza ushahidi uko wapi. Nitawajibu nini? Kwamba babu zetu walikuwa miti?"

Uso wa Fundi uliwaka. "Mwalimu, maandishi yalikuwapo. Niliyakata mimi."

Mkutubi akainamia kadi zake, akazipanga zilizokwisha kupangwa.

"Uliyasoma?" mwalimu aliuliza.

"Sikuyasoma hata moja. Niliona yanachafua kitabu."

Mwalimu hakumtazama usoni. Aliitazama mikono ya Fundi, akaitazama muda mrefu, hata Fundi akatamani atukanwe yaishe.

"Zipo ripoti ambazo hujazikata?"

Fundi akampeleka karakana. Kando ya mashine palikuwa na rundo la ripoti lililofungwa kamba, likisubiri kukatwa Jumatatu. Mwalimu akavuta kigoda, kilikuwa kimoja tu, akaketi. Akafungua kamba, akaanza na ukurasa wa kwanza. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

Upepo ukaingia, karatasi zikainuka. Fundi akawahi dirishani, akaushika ubao wake mbovu kwa mikono miwili, akasimama hivyo, asithubutu kugeuka, akisikiliza kurasa zikifunuliwa moja baada ya nyingine.