Chumba cha Chini ya Ngazi

Ijumaa asubuhi, kabla wanaume hawajaondoka kwenda msikitini, Ghanima, ambaye mtaani kwake Salmiya, Kuwait, wote walimwita Mama Jasim, alikuwa na kawaida ya kukaa dirishani na birika lake la kahawa, akiwatazama watu wanaoingia katika nyumba yake ya pili ng'ambo ya barabara. Nyumba hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, naye akawapangisha Wakristo wa Kerala, India. Wao wakaifanya kanisa, bila msalaba nje wala kengele, kama mtaa ulivyotaka. Mama Jasim alipenda kuwatazama. Alijiuliza wanaomba nini kwa muda mrefu hivyo, na ni nani aliyezipiga pasi sari zote zile.

Ramani ya nyumba ilionyesha vyumba sita. Majira yale ya baridi ilikuwa na kumi na kimoja, na kwa nje haikuongezeka hata tofali moja.

Cha kwanza kilitokea Wahabeshi walipokuja kuomba mahali pa kusalia, wakaambiwa ukumbi umejaa. Thankachan, mtunza nyumba, alifungua kistoo akitafuta ufagio, akakuta chumba kipana chenye zulia jekundu na ngoma kubwa ukutani. Ufagio ulikuwa umeegemezwa kwenye ngoma. Aliuchukua, akafagia, kisha akampigia simu mwenye nyumba.

"Mama Jasim, nyumba yako imeongeza chumba."

"Kinavuja?"

"Hakivuji."

"Basi waambie Wahabeshi waingie."

Baada yao walikuja Wafilipino, kisha Wakopti kutoka Misri, kisha Watamil wenye miungu yao na maua ya manjano. Kila mara chumba kiliwatangulia. Thankachan alinung'unika kwamba kengele ya Watamil inalia katikati ya mahubiri, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisugua kwa majivu hadi ing'are.

Jirani, Baba Fahad, alilalamikia magari.

"Watu wote hawa unawaweka wapi, Mama Jasim?"

"Ndani."

"Ndani wapi? Nyumba ile naijua. Nilikuwepo marehemu akiijenga."

"Njoo nikuonyeshe."

Baba Fahad akasema ana wageni.

Chumba cha kumi na moja kilikuwa tofauti, kwa kuwa hakikuwa na wenyewe. Kilitokea chini ya ngazi, kidogo, cheupe, na mlango wake mfupi kiasi kwamba Mama Jasim alipokwenda kukiona aligonga paji la uso. Ndani mlikuwa na mkeka, taa ya udongo iliyokuwa ikiwaka, na sinia tupu. Ukutani palikuwa na dirisha. Salmiya siku ile ilikuwa na vumbi hadi kwenye meno, lakini dirishani mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba ya mpunga, na sakafu ilikuwa imelowa kidogo.

"Hiki sasa ndicho kinavuja," alisema Mama Jasim.

"Si paa, mama. Ni dirisha. Nilijaribu kulifunga, linakataa."

Wiki zilipita, hakuna aliyekuja. Mama Jasim hakutulia. Aliwauliza Wahabeshi, akawauliza Wakopti. Kila mmoja alichungulia, akatikisa kichwa kwa adabu. Mzee mmoja wa Kitamil alinusa hewa, akasema chumba hiki ni cha watu wa Buddha, na mpunga ule ni wa Sri Lanka.

"Mlanka gani?" aliuliza Mama Jasim.

"Mtaa huu mzima wamo, mama," Thankachan alisema. "Wako majikoni."

Mama Jasim alirudi nyumbani, akaenda jikoni. Mfanyakazi wake, Mina, alikuwa akichambua kamba wa baharini. Mina alimlea Jasim na dada zake hadi wakaota ndevu na kupakwa hina, na jina hilo alipewa siku aliyofika, maana lake mwenyewe lilikuwa refu.

"Mina, wewe ni Mlanka."

"Ndiyo, Mama."

"Ninyi kwenu mnasali nini?"

Mina alisimamisha kisu. "Mimi ni Mbudha, Mama."

"Mbudha! Na Ramadhani zote hizi unafunga na sisi?"

"Mchana hakupikwi, Mama. Ningekula nini?"

Mama Jasim alicheka hadi akashika meza. Kisha akamwambia anawe mikono, kuna kitu anataka akitazame.

Walivuka barabara mchana wa Jumanne. Njiani Mina alichuma maua ya asumini ukutani kwa Mama Jasim, akayafunga kwenye ncha ya mtandio. Mlangoni hakuinama, ulikuwa kimo chake kamili. Aliyapanga maua kwenye sinia, akapiga magoti, akakunja mikono. Mama Jasim aliketi kwenye ngazi, akitazama kwa hamu kama anayetazama mtu akishona kitambaa asichokijua.

Mvua ilikatika dirishani. Mwanamke mzee alitokea uani, akifagia majani. Alipoinua kichwa alisema jina refu: Podimenike. Mina aliitikia. Mzee akauliza neno, Mina akajibu.

"Anasemaje?" Mama Jasim alinong'ona.

"Anauliza kama nimekula. Ni mama yangu."

"Si alifariki?"

"Alifariki, Mama. Mwaka wa harusi ya Jasim."

Mama Jasim aliukumbuka mwaka ule. Simu ilipigwa kutoka Sri Lanka kwamba mama ni mgonjwa, na Mina akaomba kwenda. Lakini kulikuwa na wageni wa kulishwa, na pasipoti ya Mina ilikuwa kwenye mtoto wa meza chumbani kwa Mama Jasim, pamoja na dhahabu za mwajiri. Alimwambia atakwenda baada ya harusi. Harusi ilipokwisha, mgonjwa alikuwa amezikwa, na safari ikaonekana haina haraka tena.

Mzee aliacha kufagia, akauliza jambo jingine. Safari hii Mina aligeuka akamtazama mwajiri wake.

"Anauliza nakwenda lini."

"Mwambie baada ya Ramadhani, inshallah."

"Ramadhani ipi, Mama?"

Mama Jasim alisimama, akajifunga baibui. "Twende. Wajukuu wanakaribia kutoka shule."

Tangu siku hiyo kila mtu alijua chumba ni cha nani. Thankachan aliupaka mlango rangi, na Watamil wakaleta ubani. Ila nyumba ilifunguliwa Ijumaa tu. Ile Jumanne Thankachan aliwafungulia kwa hisani. Na Ijumaa ndiyo siku watoto wote wa Mama Jasim walikuja kula kwake, na hapakuwa na mwingine aliyeweza kupika machboos, wali wa viungo na kamba, ukamwagika kwenye sinia punje kwa punje. Mina hakuomba ruhusa. Alichuma tu maua ya asumini asubuhi, akayafunga kwa kitambaa kibichi na kuyaweka mezani karibu na kahawa.

Kwa hiyo Mama Jasim aliyapeleka mwenyewe. Alijifunza kuinama mlangoni. Aliyapanga maua kwenye sinia alivyomwona Mina akiyapanga, akakaa kwenye kona ya mkeka isiyolowa, na mara nyingi mzee alikuwepo, akifagia.

Mzee alimsalimu kwa kichwa. Kisha alitazama nyuma yake, mlangoni, akangoja.

"Yuko jikoni," Mama Jasim alimwambia kwa Kiarabu, polepole. "Hajambo kabisa. Anakula vizuri."

Mzee aliendelea kuutazama mlango kwa muda, kisha akarudia ufagio wake. Mama Jasim alibaki kidogo, kwa sababu alitaka kujua ni mti gani ule unaopukutisha majani mengi hivyo. Halafu alivuta mlango taratibu, akavuka barabara kwenda kula.