Betri ya Miezi Mitano

Mlio ulikuja kwanza. Pii, pii, pii, za harakaharaka, kutoka upande wa wodi ya wazazi, zikipenya mvua iliyokuwa inapiga bati. Kisha pii moja ndefu. Kisha kimya.

Fideli Nimbona, fundi wa vifaa katika kituo kimoja cha afya huko Ulyankulu, aliujua mlio ule. Umeme ulikuwa umekatika, na mashine ya kufyonzea makamasi ya watoto wachanga ilikuwa inalalamika kwamba betri inakwisha. Kile kimya ndicho kilichomtoa karakanani mbio, bisibisi bado mkononi.

Alimkuta nesi Benigna, mkuu wa wodi, ameinama juu ya kichanga, anamfyonza puani kwa kimpira cha mkono. Anabana, anaachia, anabana, anaachia. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka zambarau. Mama yake, Esperansi, binti wa shangazi yake Fideli, alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, hawezi hata kulia. Mara mtoto akapiga chafya, akalia yeye.

Benigna akanyoosha mgongo, akamgeukia Fideli mbele ya wodi nzima.

"Fundi, hiyo betri yako mpya ya miezi mitano imedumu dakika mbili. Mtoto bado ana maji kifuani, na kwa mvua hizi umeme utakatika tena kesho na keshokutwa. Kidole gumba changu hakina betri."

Fideli aliwaka moto. Betri ile aliichagua mwenyewe! Mashine ilipoletwa kwa msaada, betri yake ilikuwa imevimba kama andazi. Watu wakamwambia aweke ya pikipiki, si zote ni volti kumi na mbili? Akawakatalia. Ya pikipiki ina tindikali ya kumwagika. Haikai kando ya kitanda cha mtoto. Alipima urefu na upana, akakagua vichwa vya kufungia waya, akaenda Tabora na ile iliyovimba mkononi ili asikosee hata nukta. Sasa leo anaumbuliwa mbele ya wazazi! Basi kama si yeye aliyekosea, ni yule mwuza betri wa Gongoni, pale Tabora.

Asubuhi alidandia lori la tumbaku, betri mapajani, akipanga matusi njia nzima.

"Umeniuzia maiti!" alisema, akiibwaga betri juu ya kaunta. Hakutoa hata shikamoo, na Mzee Mustansir, mwenye duka, alikuwa mtu wa umri wa babu yake.

Mzee akairekebisha kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. "Karibu, fundi. Maiti huwekwa taratibu."

"Mtoto wa dada yangu alikuwa anakufa! Mnakaa huku mjini mnatusukumia takataka, kwa kuwa sisi watu wa Ulyankulu hatujui kusoma, siyo?"

"Kusoma unajua. Soma hapa." Kidole cha mzee kilikuwa juu ya tarehe iliyogongwa ubavuni. "Siku uliyoichukua ilikuwa na miezi mitatu tangu itengenezwe. Ulinishushia rafu nzima ukitafuta changa kuliko zote. Nilimwambia mke wangu, Shazia, yule kijana anachagua betri kama anachagua mchumba."

Akachukua kipimo, akagusisha waya mbili. Volti tano na kidogo, badala ya kumi na mbili.

"Imekufa kwa njaa," alisema. "Betri za namna hii zikiishiwa zikaachwa hivyo hivyo, zinaharibika ndani, hazifufuki. Zangu hapa zimekaa tu, hazina kazi, na bado kila baada ya miezi michache nazichaji moja moja. Yako ilikuwa inakula saa ngapi?"

"Mashine yenyewe inaichaji. Ikishachomekwa tu, basi."

"Na huwa inakaa imechomekwa?"

"Mimi ndiye fundi pale."

"Sikuuliza fundi ni nani."

Mzee akampa betri nyingine iliyojaa, na juu yake kile kikinga umeme ambacho watu hufungia friji, akaipokea barua ya kituo ya kulipia baadaye. Mlangoni Fideli akageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekuja kwa miguu, nini?"

Hasira haikuisha, ilibadilisha njia tu. Kufikia alasiri, alipoingia wodini, ilikuwa imeshawapata wenyewe. Mashine ilikuwa kwenye meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Waya umeviringwa, umefungwa kwa bandeji. Soketi imezimwa.

"Mmeivika kama redio ya bi harusi!" alinguruma. "Miezi mitano mnainyima chakula, halafu mnaniaibisha mimi! Nani kawaambia muizime?"

Benigna hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole ukutani, juu ya soketi. Palikuwa na karatasi ndani ya nailoni, herufi kubwa za wino mwekundu:

ZIMA NA UCHOMOE KILA UKIMALIZA. ASIYETII ATANITAMBUA. FUNDI NIMBONA.

Aliibandika masika ya mwaka jana, radi ilipoichoma mashine ya zamani, ambayo haikuwa na betri. Mashine ikabadilika, karatasi ikabaki. Alipita mbele yake kila siku mpaka ikawa ukuta.

"Hii ilipofika nilikuuliza," Benigna alisema. "Fundi, na hii yenye betri tuizime vilevile? Ulinijibu nini?"

Fideli alikumbuka.

"Ulisema, nesi, wewe choma sindano, mashine niachie mimi."

Kitanda cha dirishani mtu akacheka. Esperansi hakucheka.

"Ungeniuliza tena!"

"Mtu akishanidharau mara moja, kaka, inanitosha."

Hasira yake ikazunguka wodi ikitafuta pa kutua, ikarudi kwake mwenyewe, na ikauma kuliko ilipokuwa ya watu. Akaing'oa karatasi na rangi ya ukuta. Akafunga betri mpya. Bila kuchomeka waya, akatia mpira kwenye beseni la maji, akawasha, akakaa na saa mkononi. Mashine ilifyonza dakika arobaini na tano bila kuyumba. Ndipo akaichomeka kupitia kile kikinga umeme, taa ndogo ya kuchaji ikawaka, na kitambaa akakirudisha mikononi mwa Benigna.

Esperansi alikuwa amempakata mwanawe, sikio lake juu ya kifua cha mtoto.

"Kaka Fideli, mimi volti sizijui. Nijibu kimoja. Umeme ukikatika tena, mwanangu atapumua?"

Fideli akasimama. Alisema kwa sauti ya kufika kitanda cha mwisho.

"Atapumua. Mashine hii haitazimwa ukutani tena. Kila Jumatatu nitaichomoa mbele ya nesi Benigna, ifyonze maji kwa betri peke yake, na dakika ataandika yeye, si mimi. Zikishuka chini ya nusu saa, naenda Tabora siku hiyohiyo, sisubiri ife. Na nesi akiniuliza swali, hata mara kumi, nitamjibu kama mtu. Nakuahidi, Esperansi, na wote hawa wamesikia."