Shingo ya Namba Tatu

Nilicheza raga ya kulipwa misimu kumi na moja, na yote ilianza kwa sababu watu wawili waliumia ndani ya wiki moja. Sitaki kujifanya eti kuna mtu mwenye jicho kali aliyenigundua. Hakuna. Kwetu mchezaji huokotwa akiwa shuleni, kwenye zile shule zenye nyasi za kijani na kocha wa kila nafasi, na mimi shule niliiacha darasa la nane baba alipofariki. Nikiwa na miaka ishirini na sita nilikuwa nabeba nyama machinjioni East London, Afrika Kusini, siku za kazi, na Jumamosi nacheza kwetu Mdantsane, kitongoji cha jirani, katika klabu yetu, Young Leopards. Jezi yangu ilikuwa namba tatu, nguzo ya kulia.

Kwa asiyejua skramu: watu wanane hushikana na kuinama, wanane wa upande wa pili vivyo hivyo, vichwa vinaingiliana, halafu mnasukumana ili mpira utoke kwenu. Namba tatu ndiye anayebanwa na watu wawili, mmoja kila bega. Akisimama, timu inasimama. Akianguka, wote wanamwangukia.

Msimamizi wetu kazini, mzee tuliyemwita Tata Nqweniso, ndiye pia aliyekuwa kocha wa Leopards. Jumatatu ile alinikuta na robo ya ng'ombe begani.

"Bhele," aliniita kwa jina la ukoo wangu. "Weka hiyo nyama chini."

"Kuna nini, Mpinga?" Huo ndio ukoo wake.

"Timu ya mkoa imepiga simu ofisini. Namba tatu wao amevunjika mbavu, na yule wa akiba leo asubuhi ameumia mguu mazoezini. Wanataka mtu wa wiki moja."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye shingo, mjinga wewe. Nenda kaoge."

Huko mazoezini kila mtu aliniuliza nimesoma shule gani. Ndivyo wanavyosalimiana. Denver Koeberg, namba mbili, yule anayekaa katikati ya nguzo wawili, naye aliuliza. Nikamtajia machinjio.

"Na waliohitimu wako wapi?" akasema.

"Wametundikwa kwenye ndoano."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akaniita Kabati, na sikuuliza kwa nini.

Ijumaa kocha Gerber aliniita ofisini akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaribia kufukuzwa kazi. Tukifungwa kesho yake tulikuwa tunashuka daraja, na wapinzani wetu, watu wa mashamba ya mahindi huko juu, walikuwa na skramu iliyokuwa imezigaragaza timu zote msimu ule. Nguzo wao wa kushoto, ambaye ningefungana naye kichwa kwa kichwa, alikuwa Hannes Oberholzer. Miaka thelathini na tano, mechi mia mbili, kifua kama mlango wa ghala.

"Swanepoel, yule wa akiba, ataanza, lakini kwa mguu ule hafiki nusu saa," kocha akasema. "Akitoka unaingia wewe. Cheza skramu moja. Ya pili anguka, shika shingo. Refa atakuja kukuuliza, mwambie huwezi kuendelea. Sina nguzo mwingine wa kulia. Sheria inasema basi, hakuna kusukumana tena, skramu zote zilizobaki ni za kuegemeana tu. Wao bila skramu hawana kitu. Sisi nyuma tuna mbio."

"Na mimi?"

"Jumatatu unasaini mkataba wa miaka miwili."

"Nisipoanguka?"

"Oberholzer atakuangusha mwenyewe. Tofauti yake ni kwamba hapo utarudi kwenye ng'ombe wako."

Nikasema ndiyo. Sitaficha hilo. Miaka miwili ya kuamka na kazi yako ni raga, nani angesema hapana? Nilikuwa nimeiota tangu nikiwa na meno ya utotoni.

Asubuhi ya mechi nilipita kwa mama yangu, MaRadebe. Yeye huuza vichwa vya kondoo vya kuchemsha pale Highway, kwenye stendi, pamoja na wanawake wengine watatu, na siku ile walikuwa wameazima televisheni na kuiweka juu ya kreti. Wale wanawake wanajua skramu. Waume zao walicheza, baba zao walicheza, na wao wamekaa kando ya uwanja tangu wakiwa mgongoni.

"Huyo Oberholzer huingia kwa pembe," mama akasema huku anapasua kichwa kwa shoka. "Anakuvunja kwa ndani. Mkono wako uwe mrefu, umshike mbali."

"Nimesikia, mama."

"Unasikia lakini unavuta midomo. Una nini?"

"Sina kitu."

MaDlomo, jirani yake wa meza, akadakia. "Anaogopa. Mwache, nani asiyeogopa? Bora asifanye kama yule nguzo wa mwezi uliopita aliyeona moto akajishika goti. Goti lenyewe zima."

"Akakosea hata goti," mwingine akasema. "Aliinuka anachechemea mguu ule mwingine."

Wakacheka wote wanne, shoka likasimama hewani. Mimi nilicheka kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeshaelewa. Refa angedanganyika, na wenye televisheni wangedanganyika. Lakini Mdantsane nzima ingeniangalia mara moja tu na kujua, na kuanzia siku hiyo mama yangu angekuwa akipasua vichwa mbele ya watu wanaojua kwamba mwanawe ni mtu wa kujishika shingo nzima.

Dakika ya ishirini na nane Swanepoel alikaa chini. Nikaingia na jezi ya akiba, namba kumi na sita.

Skramu ya kwanza sikumbuki vizuri. Refa alitoa amri, tukagongana, halafu nikajikuta naangalia mawingu. Oberholzer alikuwa ameniinua miguu yote miwili ikaacha ardhi. Tulirudishwa hatua sita, wakapata penalti, wakapiga, alama tatu.

"Habari za asubuhi," akaniambia tukiinuka. Jasho halijamtoka bado. "Wewe ndiye yule wa buchani?"

"Machinjioni."

"Basi leo umekuja upande mwingine wa kisu."

Skramu ya pili alinirudisha tena. Ndipo daktari wa viungo akaja mbio na chupa ya maji, akapiga goti karibu nami. "Kocha anasema shingo," akanong'ona. "Lala sasa hivi."

Nililala? Nilikuwa tayari chini, uso kwenye nyasi. Ilikuwa rahisi kuliko kuinuka. Refa akaja juu yangu, naona viatu vyake tu.

"Namba kumi na sita, unaweza kuendelea?"

Denver alikuwa ameinama pembeni, anahema, ananitazama. Na yeye alijua mpango. Kila mtu alijua.

"Shingo yangu ni nzima," nikasema. "Nilikuwa natema nyasi."

Daktari alibaki na chupa mkononi. Denver akainua uso juu kama mtu anayesali. "Mungu wangu, Kabati. Sasa tutakufa kweli."

Mapumziko tulikuwa nyuma, kumi na tatu kwa ishirini. Kocha alikuja mpaka pua yake ikakaribia kunigusa.

"Tulikubaliana."

"Nimebadili mawazo."

"Amekutembeza kama toroli."

"Nimeona, kocha. Mimi ndiye toroli."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Gerber hakucheka. "Mara ya mwisho. Anguka, Jumatatu tunasaini. Usipoanguka, Jumatatu uko kwenye ng'ombe, na timu nzima hii imeshuka daraja kwa kichwa chako kigumu."

Nisidanganye, wenzangu wengi walitaka nianguke. Walikuwa na nyumba, watoto, mikataba yao. Nilikaa kwenye benchi nikaangalia miguu yangu kwa aibu, na hapo ndipo nilipoona.

Timu ilikuwa imenipa njumu mpya, zenye meno marefu kama vidole. Kwenye nyasi nzuri kama zile unachimba, unanyoosha mwili, unasukuma miguu ikiwa mbali nyuma. Wote pale walifundishwa hivyo. Nami tangu Jumatatu nilikuwa najitahidi kusukuma kama wao. Lakini mimi nimekulia kwenye uwanja wa Leopards, ambao hauna nyasi. Ni vumbi na kokoto. Ukinyoosha miguu pale inateleza, unakula changarawe. Kwa hiyo unaiweka chini ya nyonga zako, unapiga hatua fupi, fupi, fupi, na nguvu yote inatoka mgongoni, kama unavyobeba robo ya ng'ombe kwenye sakafu yenye damu. Nilikuwa na skramu yangu mwenyewe na nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa kuona haya.

Nikavua zile njumu, nikavaa zangu kuukuu zenye meno mafupi.

"Denver," nikasema. "Tukiingia, usinivute mbele. Nipe kiuno chako tu. Nitakuwa chini sana na nitakwenda polepole."

"Polepole? Yule mtu ni treni."

"Hata ng'ombe ana kilo mia sita. Hakimbizwi."

Akanitazama. "Sawa. Lakini nikifa, wewe ndiye utakayemweleza mke wangu."

Skramu ya kwanza ya kipindi cha pili Oberholzer alikuja kwa pembe, kama mama alivyosema. Nilimshika mbali, kwapani, mkono umenyooka. Akasukuma. Nikakaa. Akasukuma tena. Nikasikia pumzi yake ikibadilika, ile sauti mtu anayotoa anapopanda ngazi akakuta imeongezwa kidato. Mpira ukatoka kwetu. Hatukusogea hata kidole.

"Aa," Denver akasema tukiinuka. Aa tu.

Iliyofuata nilipiga hatua moja fupi. Halafu ya pili. Oberholzer alirudi nusu hatua, na mtu wa aina ile akirudi nusu hatua uwanja mzima unajua. Nilisikia jukwaa la upande wa mashariki likianza kunguruma, lile la watu wa kwetu waliokuja na mabasi.

"Habari za mchana," nikamwambia.

Alikuwa anavuta pumzi.

Dakika ya sitini refa alitupa penalti ya kwanza, alama tatu. Dakika ya sabini nyingine. Kumi na tisa kwa ishirini na tatu, maana nao walikuwa wameongeza penalti moja. Dakika ya sabini na nane tukapata skramu mita tano kutoka mstari wao. Penalti isingetosha. Tulihitaji trai, alama tano, na mpira wa mwisho ulikuwa huu.

Nahodha akatazama wachezaji wetu wenye mbio, kisha akatutazama sisi watatu wa mbele. "Tunautoa nje au?"

"Uache ndani," nikasema. Mtu wa wiki moja, sijulikani hata jina, namwamuru nahodha. "Uacheni humo humo miguuni. Tunakwenda nao."

Tuliinama. Oberholzer aliweka sikio lake karibu na langu, na nilimsikia akisema taratibu, bila chuki, "Njoo basi."

Nikaenda. Hatua fupi. Fupi. Mgongo uliwaka kuanzia kiunoni mpaka kisogoni na sikuwaza mkataba wala daraja, niliwaza sakafu ya machinjio asubuhi na kwamba ukisimama katikati mzigo unakushinda, kwa hiyo usisimame. Nyuma yangu watu saba walikuwa wanaguna kwa pamoja. Denver alikuwa anatukana kwa lugha tatu. Ghafla uzito ule mbele yangu ulilegea, bega la Oberholzer likapanda juu, akafunguka kama mlango, na skramu yao nzima ikarudi kinyumenyume, mita moja, mbili, nne, mpaka mstari mweupe ukapita chini ya pua yangu. Namba nane wetu, yule wa nyuma kabisa, alichohitaji ni kuulalia mpira tu.

Ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Teke la kuongeza alama lilikosa, na hakuna aliyejali. Watu walivunja uzio wa upande wa mashariki.

Oberholzer alinikuta nimelala chali. Akanipa mkono akaniinua, mara ile kwa ruhusa yangu.

"Umetolea wapi miguu ile?"

"Mdantsane."

"Kuna wengine?"

"Wapo wengi."

"Usiwaambie watu wangu," akasema, akaondoka zake.

Gerber hakunisemesha kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aliwakumbatia wote akanipita. Kwa hiyo Jumatatu nilifanya alichoniambia. Nilirudi kwenye ng'ombe. Nilikuwa na robo begani saa nne asubuhi kelele zilipoanza mlangoni, na huyo kocha wa mkoa anaingia na viatu vya ngozi, anaruka damu kama mbuzi anayevuka mfereji, bahasha mkononi.

"Fatyela," akaniita kwa jina langu la familia. "Jana nilipigiwa simu na klabu mbili zinakuulizia. Saini kabla ya mchana."

"Subiri. Bado nina robo tatu za kubeba."

"Msubirie, bwana," mtu mmoja akasema kutoka kwenye ndoano. "Hapa foleni."

Alisubiri. Nilizibeba zote tatu bila haraka, hatua fupi. Wenzangu waliacha visu. Tata Nqweniso aliegemea mlango wa jokofu mikono kifuani, na sijawahi kumwona mtu ameridhika vile. Nilipomaliza nilinawa, nikasoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu watu hudhani mtu wa darasa la nane hasomi.

"Kuna kitu kimekosekana," nikasema.

"Kitu gani?"

"Kwamba hutaniambia nianguke tena. Mimi wala mwingine."

"Fatyela, kitu kama hicho hakiandikwi kwenye mkataba."

"Basi kiandike wewe kwa mkono."

Alitazama pande zote. Watu arobaini wenye aproni za damu walikuwa wanamtazama yeye. Akaomba kalamu, akainamia meza ya nyama, akaandika mstari ule pembeni mwa karatasi na kuweka jina lake chini yake. Ndipo nami nikaweka langu, Mzoxolo Fatyela, kwa herufi kubwa, na wale watu wakaanza kugonga visu kwenye ndoano za chuma, wote kwa pamoja, mpaka ng'ombe waliotundikwa wakawa wanatikisika.