Gauni la Mama wa Bibi Harusi

...na mikono nimeiinua kama mtu aliyekamatwa, fundi ana pini mdomoni, "Usipumue, mama bibi harusi," sipumui, futi inazunguka kiuno, inasita, inaongezewa, na wifi yangu kwenye kochi anacheka, "Kaka yangu anajua kutunza, ona mke alivyonona," fundi naye, "Huo ndio mwili, siyo sisi mifupa," natabasamu, ndivyo mtu hufanya akisifiwa, huku nawaza mafuta, kumbe hayakai bure, daktari alisema jana, binti mdogo kuliko mwanangu, alisema polepole kama anayefundisha mtoto kusoma, mama, ovari zako zimestaafu, lakini mafuta yanaendelea kutengeneza estrojeni, na hiyo ni homoni ya kujenga, inajenga ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na ile nyingine ya kusema basi, sasa bomoeni, haipo tena, ukuta unazidi kunenepa, na chembe zinazojengwa bila msimamizi baadhi huharibika zikawa saratani... si kila mnene, akasema, wala wembamba hawajasalimika, ila damu kwa mtu aliyekoma hedhi miaka sita haingojwi, tuchukue kipande kidogo tupime, nikasema baada ya harusi... damu ile nilimwambia wifi peke yake, akapiga kigelegele jikoni, "Ujana umerudi! Utatuzalia kitinda mimba!" tukacheka mpaka maziwa yakamwagika, nami nikaamini, nikanunua pedi kwa maringo, kama msichana... "Geuka," nageuka, kwenye kioo yupo mwanamke aliyetunzwa vizuri, harusi bado mwezi mzima, na ukuta hausomi kadi za mwaliko, unajengwa hata sasa, nikiwa nimesimama hapa, ajabu siogopi, naona tu kwamba nailinda siku moja ya binti yangu, na siku atakayojifungua nani atamkandia mgongo... "Wifi, kesho asubuhi una kazi?" "Kazi gani, nani kaniajiri?" "Unisindikize hospitali, ile damu siyo ujana," kicheko kinakatika, fundi anatema pini kiganjani, anatutazama, hajui ashike wapi, mwishowe anauliza kwa sauti ndogo, "Sasa, mama, nikuachie nafasi pembeni, au nibane?" na mimi sijui, kweli sijui, "Shona kwa mwili huu wa leo," namwambia, "huo mwingine tutaujua ukifika..."