Kiraka cha Uzi wa Kijani

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata taa za hospitali zilikuwa bado zinawaka saa moja na nusu, na nguo zilizoanikwa nyuma ya chumba cha kufulia zilikuwa mbichi vilevile kama zilivyoachwa jana yake.

Mshona viraka alipita katikati ya kamba hizo akiwa ameinamisha kichwa. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutengeneza mashuka ya hospitali yaliyochanika, na wenzake walimwita Sindano, kwa kazi hiyo na kwa wembamba wake. Leo hakuwa anakwenda kwenye cherehani. Alikuwa anakwenda wodi ya wanawake, kitanda cha sita, ambako saa mbili dada yake angechukuliwa kwenda kutolewa uvimbe tumboni.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa ameukataa upasuaji kwa miezi saba, mpaka daktari alipomwambia waziwazi kwamba uvimbe hausubiri. Hata hapo alikubali kwa sharti moja. "Mdogo wangu aniombee kwa sauti kabla sijatoka hapa. Nikiisikia dua yake, napanda machela. Nisipoisikia, navaa viatu vyangu narudi nyumbani."

Na Sindano alikuwa hajaomba kwa siku tano.

Ilianza Alhamisi, kwenye darasa la jioni. Alikuwa amerudi shule akiwa na miaka hamsini na mmoja, na alikaa mstari wa mbele pamoja na dereva mmoja mstaafu wa basi. Mwalimu alichora ubaoni kitu kama sahani iliyotuna katikati, akasema hiyo ndiyo galaksi yetu, na jua letu ni nyota moja tu humo ndani. Mwanga, ambao hakuna kinachoushinda mbio, hutumia miaka kama laki moja kuivuka kutoka ukingo huu hadi ule.

"Nyota zenyewe ni ngapi, mwalimu?" Sindano aliuliza.

"Kati ya bilioni mia moja na bilioni mia nne."

"Mbona mwanya mkubwa hivyo?" dereva mstaafu akadakia. "Mimi nilikuwa nikikosea abiria mmoja tu, naitwa ofisini!"

Darasa zima likacheka, na mwalimu pia. "Hakuna aliyeweza kuzihesabu, mzee wangu. Tumo ndani yake, vumbi linatuziba, na nyingi ni hafifu mno. Tunakadiria."

Sindano hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwenye daftari. Mtu akitaja nyota moja kila sekunde, asile wala asilale, hizo bilioni mia moja pekee zitamchukua zaidi ya miaka elfu tatu. Akarudia hesabu mara mbili. Jibu likawa lilelile.

Tangu ujana wake alikuwa na desturi pale kwenye cherehani: kila shuka, ombi moja. Kwa kuwa hakujua nani angelilalia, alisema tu, "Ee Mungu, huyu atakayelala hapa, mwangalie." Ijumaa asubuhi alifungua kinywa juu ya shuka la kwanza, akakifunga. Akilini alimwona Mungu amekaa kama anavyokaa yeye kwenye cherehani, kapu la nyota mbele yake, anatoa nyota moja, kisha nyingine. Atafika lini kwenye shuka? Akashona kimya. Siku hiyohiyo uzi mweupe ulikuwa umeisha stoo, akapewa wa kijani. Kwa hiyo kila kiraka cha kijani katika hospitali ile kilikuwa hakina dua, na aliyejua hilo ni yeye peke yake.

Wodini alimkuta dada yake ameketi kitandani, amefunga kitambaa kichwani. Nesi alikuwa anaandika kwenye kadi. Msukuma machela alisimama pembeni, na mama wa kitanda cha tano alikuwa amegeuka ubavu asipitwe na lolote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Nilishaanza kuviulizia viatu." Kisha akainua pembe ya shuka alilolikalia. "Hebu ona. Nimelalia kazi ya mikono yako! Nimewaambia hawa, huyu hashoni bila dua. Usiku kucha nimekishika kiraka hiki."

Kilikuwa kiraka cha uzi wa kijani.

"Tuombe upesi, mama," nesi akasema kwa upole. "Wanatusubiri."

Sindano akapiga magoti. Msukuma machela akavua kofia. Wakangoja. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Msukuma machela akaivaa tena kofia yake.

"Dada," Sindano akasema mwishowe, "shuka hilo sikuliombea." Akaeleza yote, nyota, miaka elfu tatu, kapu.

"Makubwa!" akasema mama wa kitanda cha tano.

Dada akaiachia pembe ya shuka. "Nyota zimekaa huko kabla hata hujazaliwa. Wewe umezijua Alhamisi, Ijumaa umeshamnunia Mungu?"

"Sijamnunia. Naogopa hataweza kutufikia."

Uso wa dada ukasinyaa. Akashusha mguu mmoja sakafuni. "Nesi, nipe viatu vyangu."

Sindano aliviwahi, akavikumbatia kifuani. Soli zake zilikuwa zimelika upande, kama zamani, dada alipokuwa akimsindikiza shuleni. Hakuwahi kujua hospitali ile ina mashuka mangapi. Hata mtunza stoo alikuwa anakadiria. Lakini shuka likiwa mikononi mwake, lilikuwa hilo tu, kana kwamba hakuna jingine duniani. Kama Mungu naye hufanya hivyo, hakujua. Moyo ulikuwa bado unamuuma.

"Nesi, nisikie. Na wewe mama, na wewe kaka wa machela, muwe mashahidi," akasema. "Dada, siwezi kukudanganya kwamba nimetulia. Lakini nitakaa mlangoni pa chumba cha upasuaji, nimtajie Mungu jina lako, lako peke yake, mpaka mlango ufunguliwe."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na akichelewa kufika?"

"Atanikuta bado naita."

Dada akaurudisha mguu kitandani, polepole. Alikuwa analia. "Nikitoka, nisikukute umenyamaza."

"Hutanikuta nimenyamaza," akasema Sindano, na wote wanne wakamsikia.