Mipaini Mifupi ya Wegesa

Tangu asubuhi Wegesa hakutulia. Alifagia uwanja mara mbili, akachota maji ambayo hayakuhitajika, akasimama mlangoni kuutazama mgongo wa kilima. Upepo wa siku tatu ulikuwa umepungua, ila huko juu nyasi bado zililala upande mmoja. Leo baba mkwe wake, mzee Mniko, alikuwa anapanda kukagua mipaini.

Mipaini yenyewe ilikuwa sitini. Aliipanda akiwa na mimba ya Mokami, kwenye kipande ambacho hakikutakiwa na yeyote isipokuwa ng'ombe. Mzee alimpa kwa sharti: miaka miwili ikipita bila kuonekana miti ya maana, ng'ombe wanarudi. Miaka miwili ndiyo hiyo imetimia. Mipaini ya kanisani, kule bondeni, ilipandwa wiki ile ile na sasa inakaribia paa. Ya Wegesa inamfika kiunoni, yote imeinama kuelekea magharibi kama watu walioipa mvua mgongo.

Ndiyo maana mwezi wa tatu alifanya jambo ambalo hakumwambia hata mumewe, Matiko, aliyekuwa mbali kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu aliyelelewa kwenye ng'ombe, akiona kitu kimedumaa, anajua kinataka samadi. Akachota kwenye zizi la mzee, ndoo baada ya ndoo, samadi iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya ulezi, akailisha mipaini kumi na mmoja ya mstari wa mbele. Ikaitika. Masika yakaikuta inakimbilia juu, laini, kijani cha kung'aa. Wegesa akawa anapanda kuiangalia mara mbili kwa siku, mtoto mgongoni.

Kisha kwenye darasa la jioni la watu wazima mwalimu Elieth akawasomea habari za miti ya milima mirefu. Kwenye picha kulikuwa na mpaini uliomea karibu na theluji, mahali ambapo juu yake hakuna mti mwingine tena. Ulikuwa mfupi, mnene, matawi yote upande mmoja.

"Huo ni mgonjwa, mwalimu?" Wegesa aliuliza.

"Huo umemzidi umri babu yako," Elieth alisema. "Upepo unaukatalia kwenda juu, basi unanenepesha shina na kusukuma mizizi. Ukiulazimisha urefuke haraka unakuwa laini, na upepo unaumaliza."

Wenzake waliandika. Wegesa alikuwa anahesabu ndoo.

Wiki iliyofuata upepo ukaja.

Sasa walikuwa wanapanda, mzee mbele na fimbo yake, Wegesa nyuma kwa umbali wa heshima, maana mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe. Maneno yalipitia kwa Mokami, aliyekuwa mgongoni akinyonya kidole.

"Mokami, mwambie mama yako mimi hapa sioni miti. Naona mafagio."

"Mokami, mwambie babu hata yeye si mrefu, na hakuna aliyemng'oa."

Mzee alikohoa, au alicheka. Kwa kumwona mgongo tu haikujulikana.

Walipofika mstari wa mbele alisimama. Mipaini kumi na mmoja ilikuwa imekatika, vichwa vikining'inia. Aliigusa kwa ncha ya fimbo, mmoja baada ya mwingine.

"Basi," alisema. "Kilima hiki hakitaki miti. Kesho ng'ombe wapande."

Wegesa akinyamaza, miti imekwisha. Akisema, yeye ni mwizi wa zizini. Alijikuta anasema, na Mokami amesahaulika.

"Baba, siyo kilima. Ni mimi. Hiyo niliilisha samadi ikarefuka ovyo. Ambayo sikuilisha imesimama yote."

Mzee aligeuka. "Samadi ya ulezi wangu?"

"Ndiyo, baba."

"Ndoo ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na mimi nimemnunia jirani yetu Stanslaus tangu Pasaka, nikidhani ni yeye aliyeichota. Hata salamu yake siitikii."

"Nisamehe, baba. Lakini shika mmoja wa nyuma. Uvute."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akauendea mpaini mfupi kuliko yote. Akavuta kwa mkono mmoja. Akaweka fimbo chini, akavuta kwa miwili, hadi kofia ikamdondoka. Mti uliinama naye, alipouachia ukarudi mahali pake. Udongo haukupata hata ufa.

Alibaki amechuchumaa, akiligusa shina, nene kuliko kidole chake gumba. Halafu akainua uso, kama anayesikiliza. Pale chini, nyuma ya mistari, upepo haukufika. Nyasi zilikuwa zimesimama wima.

"Mokami," alisema, "muulize mama yako, hii itafika paa lini?"

"Mwambie babu sijui. Labda haitafika. Ila itakuwepo."

Mzee aliokota kofia, akaikung'uta gotini. "Basi mwambie hapa nyuma napanda ulezi. Ng'ombe wabaki chini. Na ndoo zangu ishirini na mbili atazipandisha yeye, aumwagie ulezi, siyo mipaini. Kwa Stanslaus ataenda kueleza mwenyewe."

"Nitaenda leo, baba."

Alitangulia kushuka. Wegesa alibaki akizunguka kati ya mapengo kumi na moja, akiyapima kwa hatua. Safari hii miche ataikuzia huku huku juu, bila kivuli, iujue upepo ikiwa midogo. Mbegu je, atapata wapi? Upepo ulianza tena. Alimfunga Mokami vizuri, akasimama kusikiliza kama kuna kitakachokatika.