Kamba ya Mafundo Ishirini na Manne

Jumatatu ya pili ya Februari, mwaka wa 1955, Mwalimu Waithira aliwafundisha watoto wa darasa la nne kupima. Shule ilikuwa ndani ya kijiji kipya kando ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, kijiji kilichozungushiwa handaki na seng'enge na chenye geti moja. Shule haikuwa na utepe wa kupimia, kwa hiyo watoto walikuwa wamesokota kamba ya mkonge na kuifunga fundo kila futi kwa kutumia rula pekee iliyokuwapo. Kanini alishika ncha moja ukutani kwenye ubao, Simeon akaivuta nyingine hadi ukuta wa nyuma. Mafundo yalikuwa ishirini na manne, na kamba ikaishia hapo hapo.

"Futi ishirini na nne," Waithira akaandika. Mtoto wake Mumbi, mwenye miezi mitano, alikuwa amelala ndani ya kiondo chini ya ubao.

Jumanne wakapima tena, maana mazoezi ndiyo kujifunza. Zikawa futi ishirini na tatu, na fundo moja likabaki mkononi mwa Simeon.

"Mwalimu, huyu anavuta!" Kanini akasema.

"Mimi? Ni wewe umekanyaga kamba na hilo guu lako!"

"Guu ni la nyanya yako."

Waithira akawabadilisha, akashika ncha yeye mwenyewe. Ishirini na tatu. Akafuta nne, akaandika tatu. Jumatano watoto wakatoka nje wakapima urefu uleule kwa nje, upande wa jua, wakapata ishirini na nne. Wakaingia ndani wakapata ishirini na mbili. Nzioka akauliza waandike ipi.

"Andika unachokiona kwenye kamba," Waithira akamwambia.

Mchana alimpelekea habari Mwalimu Urbanus, mwalimu mkuu, aliyekuwa akinoa penseli kwa wembe. Urbanus akamsikiliza hadi mwisho.

"Nje bado ni ishirini na nne?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi ni sawa. Nje ndiko wageni wanakoangalia. Wewe toa benchi mbili."

Baada ya wiki ile ukuta wa nyuma ulipunguza mwendo, ukawa unasogea futi moja kwa mwezi hivi, tena nyakati ambazo hakuna mtu darasani. Watoto walikuwa arobaini na wawili. Walikaa wanne kwa benchi, kisha watano, kisha sita. Nzioka alifurahi kidogo. Tangu darasa la kwanza hakuwa ameuona ubao vizuri kutoka nyuma, na sasa alikuwa akisoma kila neno bila kukunja uso. Mama yake alimletea Waithira ndizi za kushukuru.

Mtihani wa darasa la nne ulikuwa wa Novemba. Atakayepita angeingia darasa la tano huko Thika, na atakayeshindwa angerudi kwa mama yake kwenye mistari ya kahawa. Kanini alikuwa ameapa mbele ya darasa zima kwamba hatachuma kahawa, hata tunda moja. Mama yake alichuma kwa mikono yote miwili tangu asubuhi, na vidole vyake vilikuwa vimebaki vimekunjwa hata anapokula. Waithira alimwamini msichana yule. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma madarasa ya jioni kanisani, kitabu mkononi na mimba tumboni, na alijua mtu anaweza kufika.

Mwezi wa Juni fomu ikaja kutoka Ofisi ya Nafasi za Masomo, Thika. Swali la saba liliuliza urefu wa darasa.

"Andika ishirini na nne," Urbanus akasema. "Fomu haisemi ndani wala nje."

Waithira akaipeleka fomu darasani. Siku ile kamba ilikuwa imesoma kumi na nane, na namba ilikuwa ubaoni. Watoto walikuwa wakimwangalia. Akaandika kumi na nane, na usiku hakulala.

Mvua fupi zilipokaribia, ukuta uliongeza mwendo, kuta za pembeni nazo zikaanza kusogea, na watoto hawakutosha tena ndani. Urbanus akatoa amri: kila Ijumaa kutakuwa na jaribio, na wenye alama za chini wasomee nje, dirishani. Dirisha lilikuwa moja. Waliotolewa nje waliweka vibao vyao kwenye migongo ya wenzao, wakaandika wakiwa wamesimama. Waithira alifundisha akiwa amegeukia dirisha, na kiondo cha Mumbi kilihamia juu ya meza, kisha meza ikatolewa, kiondo kikaning'inizwa kwenye msumari.

Nzioka alitolewa nje mwezi wa Septemba. Simeon alishikilia. Kanini alikuwa wa kwanza kila Ijumaa, akakaa karibu na ubao kiasi kwamba vumbi la chaki lilimwangukia kichwani, akaonekana kama ana mvi.

"Shikamoo, cucu!" wakamwita kutoka dirishani.

"Marahaba, wajukuu zangu," akajibu bila kugeuka. "Someni huko kwa baridi."

Oktoba kahawa iliiva yote kwa pamoja. Amri ikasomwa getini kwamba kila nyumba itoe mikono ya kutosha, wakubwa kwa wadogo, na kwamba mama ambaye mstari wake haujaisha hatapewa pasi ya kutoka kwenda sokoni. Alhamisi na Ijumaa Kanini hakuja shule. Jaribio likafanywa bila yeye. Jumatatu alirudi na vidole vyekundu, akakuta mahali pake pamekaliwa. Darasa lilikuwa na futi tisa kwa saba. Watoto sita walikuwa wameketi ndani, magoti yakigusana.

"Sogeeni," Waithira akawaambia.

Wakajaribu. Simeon alibana pumzi hadi macho yakamtoka. Hakukuwa na nafasi, hata ya mtoto mwembamba.

"Si neno, Mwalimu," Kanini akasema. "Nitasikia kutoka nje."

Mtihani ulifanywa kukiwa na manyunyu. Kanini aliandika juu ya mgongo wa Nzioka, akikausha wino kwa upindo wa gauni. Nzioka alisimama wima kama nguzo kwa saa nzima, asije akamharibia mwandiko. Karatasi ziliporudi, Kanini alikuwa na alama thelathini na nane. Simeon alikuwa na thelathini na sita. Majina ya darasa la tano yalikuwa sita, ya wale waliokaa ndani.

"Amewashinda," Waithira akamwambia Urbanus.

"Kabisa. Kazi nzuri sana. Lakini mtihani ulikuwa wa ndani."

Waithira akaomba pasi siku tatu mfululizo, ya nne akapewa. Alikwenda Thika na Mumbi mgongoni na karatasi ya Kanini ndani ya blauzi. Ofisini alimkuta karani, Bwana Champaklal, mtu mpole aliyemletea kiti na kumchekesha mtoto kwa miwani yake.

"Nimekuja kusahihisha kosa langu," Waithira akasema. "Niliandika kumi na nane kwenye fomu. Ningeandika ishirini na nne, mwenye karatasi hii angepata nafasi."

Champaklal akafungua kabati, akatoa faili, akalisoma taratibu.

"Hapana, mama. Fomu yako hatujaisoma bado. Iko kwa foleni."

Akageuza karatasi nyingine na kuitandaza mezani. Ilikuwa ramani ya darasa iliyochorwa kwa wino wa buluu. Futi tisa kwa saba, vibenchi viwili, kila kimoja watu watatu, na msumari mdogo ukutani. Juu kulikuwa na jina la kijiji, na chini tarehe: 10 Januari 1955.

"Hii ndiyo shule yenu," akasema. "Nafasi sita. Ilipitishwa kabla muhula haujaanza."

"Lakini Februari tulipima. Ilikuwa ishirini na nne."

"Barua inafika siku mbili, mama. Jengo ni zito, linatii polepole." Akaikunja ramani kwa uangalifu. "Kusema kweli, limejitahidi."

Waithira akauliza kama inawezekana kuchora kibenchi kimoja zaidi. Champaklal akasema wino huwa unaletwa Januari tu. Akampa Mumbi peremende ya kunyonya, Waithira akaifunga kwenye leso kwa sababu ingeweza kumkaba mtoto, kisha akarudi Ruiru kabla saa za pasi hazijaisha.

Krismasi ikapita. Mama yake Kanini alimleta msichana mlangoni kwa Waithira, akasema, "Mwalimu, huyu amekataa shamba. Nimempiga, amekataa. Mchukue akushikie mtoto." Waithira akamchukua. Kwa hiyo, ukiacha zile siku mbili za Oktoba, Kanini hakuchuma hata tunda moja, kama alivyoapa.

Mwaka mpya Waithira alifungua darasa, akakuta limerudi. Jumatatu walipima futi ishirini na nne. Watoto wapya walikuwa arobaini na watano, wakakaa kwa raha, wengine wakanyoosha miguu. Jumanne kamba ikasoma ishirini na tatu, fundo moja likabaki mkononi.

Kanini alikuwa nje, Mumbi mgongoni, na kamba yake mwenyewe aliyoisokota wakati wa likizo. Alitembea kando ya ukuta, akihesabu mafundo kwa sauti ili mtoto ajifunze. Kisha akaweka kidevu kwenye dirisha.

"Mwalimu, huku bado ni ishirini na nne."

Waithira akaandika ubaoni: Ndani, futi 23. Chini yake akaandika: Nje, futi 24.

"Tuandike ipi?" mtoto mmoja wa nyuma akauliza.

"Zote mbili," Waithira akasema.

Watoto wakanakili. Kanini naye akanakili, kibao kikiwa kimeegemea dirisha. Walipomaliza, Waithira akawaambia wa benchi za nyuma wasogee mbele kidogo, na wakasogea.